Begi la Kuondokea

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza hata waleti moja. Nilifika dukani asubuhi nimevaa gauni la kuazima kwa dada yangu, nikidhani kazi yangu itakuwa kusimama nyuma ya kaunta na kutabasamu. Mzee Mwenye Duka, maana hivyo ndivyo tulivyomwita sote, aliitikia shikamoo yangu, akanikabidhi ndoo na koleo, akanituma uani nikajaze mchanga kwenye vifuko vya kitambaa. Nilijaza mpaka kucha zikauma. Kisha akanionyesha kulabu ya chuma iliyoning'inia kwenye boriti karibu na mlango, akaniambia nichague mkoba wowote rafuni, niutie vile vifuko, niutundike.

Nilichagua mwekundu uliong'aa kuliko yote. Ungekuwa wewe ungefanya vivyo hivyo, usinicheke. Kabla ya adhuhuri mpini mmoja ulikuwa umeng'oka na mkoba uko sakafuni, mchanga umetapakaa hadi kizingitini. Niliona kazi imeniponyoka kabla sijaishika sawasawa, machozi yakanilenga. Mzee hakugomba. Aliuokota, akanionyesha mahali mpini uliposhikizwa kwa gundi na uzi mmoja mwembamba.

"Babu zako walikuwa wapagazi," aliniambia. "Mnyamwezi hakukubali mzigo kwa kuutazama. Aliuinua kwanza. Na mkoba ni hivyo hivyo, binti yangu. Anayeununua kwa macho ataulilia njiani."

Yeye alikuwa Mwarabu wa hapa hapa Tabora, mzaliwa wa mtaa wa nyuma ya soko, na alipenda sana kutukumbusha kwamba misafara ya zamani ya kutoka pwani kwenda Ujiji ilikuwa ikipumzika katika mji huu. Kwa hesabu zake, watu wa Tabora hatukuwa na udhuru wa kununua begi bovu. Tulitakiwa tuwe na elimu ya mizigo kwenye damu.

Elimu hiyo mimi sikuwa nayo, ila niliipata. Nitaisema hapa kwa ufupi, maana najua vijana mnanunua begi kwa kutazama picha kwenye simu. Anza na mshono. Uwe na hatua fupi zinazolingana, na pale mpini unapokutana na mwili wa begi, uzi uwe umepita kwa umbo la msalaba ndani ya mraba, siyo mstari mmoja tu. Tazama ribiti, yaani vile vijiti vya chuma vinavyofunga ngozi kwa ngozi. Ukiizungusha kwa kidole ikazunguka, liache begi hilo. Zipu uifungue na kuifunga ikiwa kwenye kona, kwa sababu zipu zote ni nzuri kwenye mstari ulionyooka. Geuza bitana, kile kitambaa cha ndani, maana mtengenezaji mvivu huficha uvivu wake huko. Ngozi halisi ukiibonyeza kwa dole gumba hujikunja vijikunjo vidogo kama kiganja cha mtu mzima, na ukingo wake uliokatwa una nyuzinyuzi. Ya bandia ina kitambaa chini yake. Sisemi bandia ni haramu. Nasema ujue unachonunua, na ukilipie bei yake.

Waleti nayo ina mambo yake. Akina baba hupenda nene, yenye vyumba vingi, kisha wanaikalia mwaka mzima kwenye lori halafu wanaleta malalamiko. Niliwashauri nyembamba, iliyoshonwa pembeni bila gundi. Wachache walinisikia.

Tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona duka lingine. Mteja akipenda begi, tulilitundika kwenye kulabu na mchanga wake, yeye akaenda zake sokoni au msikitini au kwenye shughuli zake za wilayani, na akirudi analikuta ama limesimama, yaani limeushika mzigo bila kung'oka, ama limeaibika. Likisimama, analipa. Juu yake Mzee alimpa nyongeza: kibeti cha sarafu, au mkanda wa akiba, au ahadi kwamba mshono ukifumuka tutaushona bure. Mzee alisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini nyongeza ndiyo humrudisha mtu.

Nilipokomaa nilihamishiwa tawi la Urambo, chini ya Msimamizi wa Tawi, mtu mrefu mwenye kikohozi, mpole kwa watu na mkali kwa vumbi. Huko tuliuza hasa msimu wa tumbaku, wakulima wakishalipwa. Nilikwenda na kulabu ya pili iliyochongwa kwa mfano wa ile ya Tabora, na haukupita mwezi nikawa siitwi tena kwa jina langu. Nikawa Mama Kulabu, mpaka leo.

Urambo ndiko nilikomfahamu Mama Deo. Alikuwa mkulima wa Ulyankulu, mwanamke mfupi wa maneno machache, kanisani hakosi. Mara ya kwanza alikuja na debe tupu kichwani kununua begi la shule la mwanawe Deo. Alilitundika, hakwenda popote. Alikaa kwenye benchi analitazama hadi mchana, kama mtu anayelinda chungu jikoni. Lilipopona akaniuliza kila nilichokitazama na sababu yake, nami nikamfundisha, maana nilimpenda pale pale.

Tangu siku hiyo majirani zake wakawa wanamwagiza. Mtu akitaka mkoba wa harusi, waleti ya mume, begi la mtoto, anampa Mama Deo fedha na nauli kidogo. Yeye anakuja, anabonyeza, anavuta zipu kwenye kona, anatundika, anakataa tatu, anachukua moja. Msimamizi alikuwa akimwona mlangoni ananinong'oneza kwamba mkaguzi wetu amefika.

Mzee alipofariki, Mungu amrehemu, duka lilishikwa na mjukuu wake wa kike aliyekuwa Dar es Salaam. Tulimwita Meneja. Alinirudisha Tabora niwe mkuu wa mauzo, na akaleta jambo jipya: pointi. Ukinunua, unataja namba yako ya simu, pointi zinaingia. Zikifika kiwango, unachagua zawadi kwenye rafu ya juu. Mimi nilinuna. Nilimwambia mteja ataanza kununua pointi badala ya kununua begi. Na kweli niliwaona waliobeba vipochi visivyofaa, vitatu vitatu, ili tu wafikishe kiwango. Hao niliwaambia waziwazi: nunua kile ambacho ungekinunua hata kama zawadi isingekuwapo. Pointi ije nyuma yake, isitangulie mbele.

"Bibi, nyongeza ya babu ilikuwa kichwani mwake," Meneja alinijibu siku moja bila kuudhika. "Mimi kichwa changu ni kidogo, nimeiweka kwenye simu." Nilishindwa kumnunia zaidi.

Mama Deo hakununua kitu cha ziada hata mara moja. Aliendelea kununulia kijiji chake vitu vizuri kama zamani, akija sasa mpaka Tabora, na kila alipolipa alitaja namba yake. Macho yake yalikuwa kwenye rafu ya juu, kwenye begi kubwa la turubai la rangi ya kahawia, pembe zake za ngozi, mikanda miwili ya kufunga kwa bizimu. Deo alikuwa amekubaliwa Kipalapala kwa masomo ya upadri. Mama yake alitaka aondoke nyumbani na begi hilo.

Pointi zilitimia wiki ile ile ya kuondoka kwa Deo. Nilimpigia simu mwenyewe. Alipofika dukani hakuwa peke yake. Nyuma yake waliingia wanawake wanne wa kijijini kwao, na mbele yao Mama Renata, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe mbugani. Hata salamu zilikuwa fupi. Mama Renata akasema fedha zilikuwa zao, waleti zilikuwa za waume zao, mikoba ilikuwa ya binti zao, sasa inakuwaje pointi zote zimezaa begi kwenye nyumba moja. Wenzake wakaguna kukubali. Meneja akaeleza kwa upole kwamba kwa taratibu za duka mwenye namba ndiye mwenye pointi. Alikuwa sahihi, na maneno yake hayakusaidia kitu. Nilimtazama Mama Deo. Nilijua akilichukua begi atarudi kwenye kijiji kisichomsalimu, na asipolichukua mwanawe ataondoka keshokutwa na mfuko wa salfeti.

Mama Deo alisimama chini ya rafu, mikono ameikunja kwenye kitenge.

"Mimi nilivuka mpaka nikiwa nimebebwa mgongoni, tukikimbia mauaji," alisema. "Mali yetu yote ilikuwa furushi la shuka. Mama alikufa hajapata kumiliki begi. Nilitaka mwanangu aondoke kama mtu anayeagwa, asiondoke kama mtu anayekimbia. Basi. Lakini siwezi kumfungashia nguo pamoja na manung'uniko ya majirani. Mama Kulabu, liache huko juu."

Wale wanawake wote walikuwa watoto wa mafurushi kama yeye, na hilo sikuwa nimelifikiria mpaka nilipoona nyuso zao. Mama Renata alitazama sakafu, akatazama begi, akavuta pumzi.

"Deo akishafika Kipalapala," akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, "hilo begi litakuwa linafanya nini?"

Mama Deo akasema litakaa chini ya kitanda.

"Basi lisikae. Lirudi. Renata wangu anakwenda chuo cha uuguzi mwakani, naye anataka kuagwa."

Hivyo ndivyo lilivyoamuliwa, wanawake wamesimama katikati ya duka na wateja wengine wanasubiri. Begi litakuwa la wanaoondoka. Deo kwanza, kisha Renata, kisha yeyote ambaye nyumba yake imefikiwa na zamu. Na kwa kuwa chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, kila atakayelirudisha atatia ndani kitu cha kumfaa anayefuata. Meneja alipanda ngazi mwenyewe kulishusha. Wakataka kuondoka nalo papo hapo, nikawazuia. Zawadi nayo hupimwa, labda zaidi, kwa sababu mtu huona aibu kuikagua. Tukalitundika. Tulikula maandazi na chai tukilitazama, na ilipofika alasiri ribiti moja ilikuwa imelegea. Fundi wetu akaibadilisha na kushona mipini upya kwa uzi wa nailoni.

Miaka iliyofuata begi lile lilipita mikononi mwangu mara nyingi. Lilikuja kubadilishiwa zipu, likaja kutiwa bitana mpya, likaja limechubuka pembe baada ya kwenda Mwanza na kijana wa ufundi wa magari. Nililikuta na sabuni ndani, na soksi mpya, na kamusi, na mara moja chupa ya asali iliyovuja, siku hiyo niligomba. Deo akawa padri. Renata akawa muuguzi, na ukimwona anavyofunga zipu ya mkoba wake utajua alikua jirani na nani.

Mwaka huu nimestaafu. Magoti yamekataa ngazi za stoo. Siku ya kuniaga Meneja alisema maneno mazuri kuliko ninavyostahili, kisha akapanda kwenye kiti, akaishusha kulabu ya babu yake kwenye boriti, akanipa. Alisema wataning'iniza nyingine, lakini hii ni yangu. Nilikuwa bado naifuta machozi na masizi yake wakati Mama Deo na Mama Renata walipoingia, wamekuja na basi la asubuhi, katikati yao wamelibeba begi, kila mmoja na mpini wake. Lilikuwa limejaa mchele na karanga.

Niliwaambia wamekosea, mimi sijasafiri popote, nyumba yangu iko nyuma ya soko.

"Si unaondoka?" akauliza Mama Deo. "Basi uondoke kama watu. Halafu utalirudisha."

Nililia mbele ya wateja, jambo ambalo Mzee asingelipenda.

Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kufika Ulyankulu. Mwezi uliopita nilikwenda kulirudisha begi. Mama Renata alinipokea kituoni kwa ile sauti yake, mgeni njoo mwenyeji apone, kijiji kizima kikajua nimefika. Nilikuwa nimefikiri sana nitie nini ndani. Mwishowe nilitia kulabu. Mama Deo alipoitoa aliishika kwa mikono miwili, akaiangika kwenye boriti ya baraza yake.

Zamu ni ya binti mmoja anayekwenda chuo cha ualimu. Alinisalimia shikamoo, akalichukua begi. Nilidhani ataanza kupanga nguo zake. Akaenda kutafuta mchanga kwanza. Alilijaza, akalitundika, akavuta zipu kwenye kona, akazungusha ribiti moja moja kwa kidole, kisha akaniletea kiti akaniomba nisubiri.

Nikakaa. Maisha yangu yote nilikuwa upande ule mwingine wa kulabu. Siku hiyo nilikaa upande wa mteja, mikono mapajani, nikisubiri kuona kama litasimama.