Gololi Zenye Kitovu

Siku hizi vijana wananiletea gololi za dukani na kuniambia ni za zamani, za Mdachi. Wanadhani uzee umenimaliza macho. Macho kweli yamechoka, lakini gololi mimi siitambui kwa macho. Naiweka kwenye kidole gumba, naizungusha polepole, natafuta kitovu. Gololi ya Mdachi ilikatwa na mkasi kioo kikiwa bado laini, na pale ilipokatwa pamebaki kovu linalokwaruza, mara nyingine mawili, juu na chini. Isiyo na kovu namrudishia mwenyewe na kumwambia akacheze nayo.

Nilianza kuzikusanya Rumonge, ufukweni mwa ziwa, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Mume wangu aliuza nguo na shanga, na mzigo wake ulitoka Ujiji kwa mtumbwi. Ndani ya masanduku ya shanga mara nyingi kulikuwa na kifuko cha gololi, ambazo hakuna aliyezitaka, maana hazina tundu, utazivaaje? Basi mume wangu akawa anazitoa nyongeza kwa wanawake walionunua doti nzima. Walipokea kwa adabu, wakasema murakoze, asante ya kwao, wakaenda kuzitupia kwenye chungu. Mimi nikawa nazifuata huko huko. Nilipita nyumba kwa nyumba na kibuyu cha mawese au bakuli la ndagala, dagaa wa huko kwetu, nabadilishana. Watu wakasema yule muuza nguo kaoa kichaa: mume anagawa mbele, mke anakusanya nyuma.

Aliyenicheka kuliko wote alikuwa wifi yangu, mdogo wake mume wangu, tuliyekaa naye nyumba moja. Umri wetu mmoja, mdomo wetu mmoja. Alikuwa amekwisha kuposwa na kijana wa Magara, na harusi ilikuwa ikingoja mfungo wa Ramadhani upite. Mchana, kazi zikipungua, alinifunga macho kwa kanga na kunitia gololi mkononi, moja moja, anijaribu.

"Hii je?"

"Ya kuzibia chupa ya soda, zile wanazokunywa kule bomani. Mviringo mtupu, haina kitovu."

"Na hii?"

Niliigusa kwa mdomo. Kioo hukaa baridi, lakini udongo unanyonya mate. "Ya udongo, imepakwa rangi."

"Na hii?"

"Hili ni jiwe la ufukweni, na wewe huna haya."

Alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwahi kukosea, na nilijivunia vidole vyangu kupita kiasi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kiburi hicho kilikuja kunigharimu.

Katika gololi zangu iliyokuwa bora ilikuwa kubwa, ya buluu, na nyuzi nyeupe zimejisokota ndani yake. Kitovu chake kilikuwa kimesuguliwa huko huko ilikotengenezwa, kikalainika, mpaka ulihitaji subira kukipata. Hiyo wanawake wa mtaa walikuja kuiazima. Huku kwetu ufukweni, mtu akivimba, iwe tezi au jipu changa, alikandwa kwa kitu cha baridi mpaka uvimbe ushuke. Mama zetu walitumia jiwe la ziwani. Sisi tulitumia gololi yangu, iliyolala mtungini usiku kucha.

Miaka hiyo malale, ugonjwa wa usingizi, ilikuwa imeingia ufukweni. Mbung'o walikuwa kwenye vichaka vya mito, na Mdachi aliamuru vichaka vifyekwe, akakataza mitumbwi kutia nanga sehemu nyingi. Ukitembea kuelekea Gitaza ulipita nyumba ambazo milango yake ilikuwa wazi na majani yameota hadi ndani. Kila mwezi mpya tulikusanywa sokoni asubuhi, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Msaidizi wa bwana mganga, mtu mweusi kama sisi aliyevaa koti jeupe, alisimama nyuma yako na kukutia vidole ukosini. Akikuta tezi, dalili ya malale, ulipelekwa pembeni. Pembeni palikuwa na sindano, kisha kambi ya wagonjwa, mwendo wa nusu siku kutoka kwetu.

Tuliiogopa kambi kuliko ugonjwa wenyewe. Walioondoka wengi hawakurudi, na miongoni mwa waliorudi, wengine walirudi wakishikwa mkono, macho wazi na hawaoni. Dawa yao, tulisema, inakula macho kwanza. Mtu wa malale tulimwona akilala tu, na kulala hakumtishi mtu.

Siku moja nilikuwa namsuka wifi yangu barazani. Alikuwa na mambo siku hizo. Aliunguza ugali mara mbili juma hilo, na alipoambiwa alilia kama aliyefiwa, yeye ambaye alikuwa hata akitukanwa anacheka. Aliumwa kichwa. Nilikuwa nimemkuta ameanguka usingizi juu ya ungo wa ndagala, jua la saa sita, nzi wanamtembea usoni. Nilimwamsha kwa matusi, Mungu anisamehe. Basi namsuka, nikashusha vidole kuanza mstari wa nyuma, nikazikuta. Zilikuwa tatu, upande mmoja, chini ya nywele. Zilikuwa ngumu kidogo, za mviringo, na zilikuwa zinateleza chini ya ngozi nikizigusa.

Vidole vyangu vilisimama.

"Umeona nini, wifi?"

"Chawa."

"Muongo wewe. Chawa hawakunyamazishi." Alipeleka mkono wake nyuma, akaona alichokiona, akaurudisha mapajani. Kuku alikuja akadonoa nywele zilizodondoka, hakuna aliyemfukuza.

Halafu akasema, sauti ndogo sana, "Usimwambie kaka. Kaka atanipeleka mwenyewe. Na Magara wakisikia, posa imekwisha. Nani ataoa mwanamke kipofu?"

Ningeweza kusema neno. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilizishika tena zile tezi, nikazipima kama ninavyopima vitu vyangu, moja baada ya nyingine, na kiburi changu kikanijibu kabla akili haijafika. Nikamwambia, "Hizi ni ndogo, wala haziumi. Hizi zinashuka."

Mwezi mpya ulikuwa umebaki siku nne. Asubuhi nikitoa gololi ya buluu mtungini, yeye akainama magotini pangu na mimi nikamkanda, juu chini, juu chini, mpaka ikapata joto la mwili, nikaitumbukiza tena, nikaanza upya. Mume wangu akiuliza tunafanya nini tukasema shingo imekakamaa kwa kubeba maji. Alituamini, kwa nini asituamini? Siku ya tatu nikapapasa nikaona zimepungua. Wallahi nilizihisi zimepungua. Mpaka leo sijui kama ni kweli zilipungua au vidole vyangu viliniambia nilichotaka kusikia.

Asubuhi ya ukaguzi nilimpaka mafuta shingoni na kumsuka nywele zikalala chini. Mbele yetu katika mstari alisimama jirani yetu muuza mawese, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, aliyekuwa akiniazima gololi kwa ajili ya majipu ya watoto wake. Msaidizi alimtia vidole, akarudia, akamwonyesha pembeni. Yule mama aligeuka akatutazama sisi. Alikuwa na kibuyu mkononi na hakujua ampe nani. Nilikipokea.

Ikafika zamu ya wifi yangu. Nilimwona yule msaidizi anakunja nyusi. Vidole vyake vilikwenda kushoto, vikarudi, vikasimama pale pale vilipokuwa vimesimama vyangu. Nyuma yetu mstari ulikuwa mrefu na jua limeanza kuwa kali. Mtoto mmoja alikuwa analia. Yule bwana akafuta mikono kwenye koti lake.

"Huyu hana kitu. Apite."

Tulitembea mpaka kona ya kwanza bila kutazamana, halafu tukacheka, tukashikana mabega tukacheka mpaka machozi. Nilifurahi. Siwezi kuficha hilo. Nilijiona nimemshinda Mdachi kwa kipande cha kioo chake mwenyewe.

Mwezi uliofuata tukafanya vilevile, tukapita tena. Lakini nyumbani mambo yalikuwa yanakwenda kombo. Alilala akila. Alianza sentensi akaiacha katikati, na ukimkumbusha alikutazama kama mgeni. Miguu ikawa inamburuza. Mposaji alikuja na mjomba wake, wakakaa na kunywa uji, wakamwona amelala kaketi, kichwa kimeegemea nguzo, mate yanamtoka. Waliaga kwa heshima na hawakurudi. Yeye hata hakuuliza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, alipoacha kuuliza.

Mwishowe nilimwambia mume wangu, lakini nilimwambia nusu. Nilisema nimegusa tezi jana. Jana, nikasema. Alimbeba mgongoni yeye mwenyewe mpaka kambini, na bwana mganga akamtazama na kusema ameletwa kichwa kimekwisha kuingiwa, hakuna sindano ya kufika huko. Akamrudisha. Aliishi nasi wiki kama sita. Nilimlisha kwa kijiko, nikamsafisha, nikamsimulia upuuzi wote wa mtaa. Alikata roho siku ya Ijumaa, kabla ya adhuhuri.

Siku ya tatu ya matanga wanawake walikuwa wamejaa uani. Nikaona watu wanapisha mlangoni. Aliingia yule muuza mawese. Hakushikwa mkono na mtu. Alikuwa amekonda, jicho moja limefanya ukungu, na kwa lile jingine alinitafuta miongoni mwa watu, akaniona, akaja kukaa kwenye mkeka wangu. Walimdunga, akasema, hata hakuhesabu mara ngapi. Alitapika, aliona giza, aliomba afe. Halafu akaanza kuamka asubuhi kama watu wengine, na wakamwambia aende kwa watoto wake.

Alinishika mkono akaanza kulia, akimlilia wifi yangu.

"Lakini siku ile si alikuwa nyuma yangu?" akaniuliza. "Yeye hawakumkuta na kitu?"

Mume wangu alikuwa amesimama karibu na mlango, na wakwe zangu wote walikuwa wananisikiliza.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Yeye hawakumkuta na kitu."