Prosesa ya Pili Ilikuwa Wapi

Mimi sina subira, na sijawahi kujifanya ninayo. Kwa hivyo Februari ya 2008, mlinzi wa lango la kiwanda chetu aliponivuta kando na kuniambia, "Madam, huyo kijana wenu aliwaachia kitu ndani ya mashine kabla aende. Kikulacho, madam..." nilimjibu vibaya. Nilimwuliza kama alisomea kompyuta hapo kwenye kibanda chake. Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu neno likishafika langoni, ujue juu ofisini lilishapita.

Kilikuwa kiwanda cha kusaga mahindi, hapa Nakuru. Katika chumba cha kompyuta tulikuwa wawili tu, mimi na huyo kijana. Mimi ni mtu wa Bahati, huko kwenye viazi nje ya mji, mama wa watoto, nilimzidi umri, ndiyo maana aliniita "mathe" hata mbele ya boss. Yeye kwao ni magharibi mwa nchi. Alikuja Nakuru kusoma, akakaa, akaoa, akapanga nyumba mtaa wa Rhonda. Ndiye aliyeandika draiva ya mizani, yaani ile programu ndogo inayokaa ndani kabisa ya mfumo na kuiwezesha seva kusoma uzito wa lori likipanda juu ya mizani. Aliipenda hiyo draiva jinsi mtu anavyopenda ng'ombe wake wa kwanza. Nilimtania kwamba iko siku mke wake atakuja ofisini kuigombeza.

Mwisho wa Januari, mji ulipowaka kwa fujo za uchaguzi, watu walimwendea mchana kweupe. Walimjua. Wengine walikuwa wakinunua mkate duka moja na yeye. Walimpa nafasi ya kutoa mke wake na nguo, wakamwambia akirudi asilaumu mtu. Alinipigia akiwa juu ya lori lililosindikizwa na polisi, akasema, "Mathe, funguo za ofisi ziko kwa droo." Hayo tu. Waliomfukuza walizungumza lugha ya mama yangu, naye alijua. Nikasema safari njema, utadhani anaenda likizo.

Halafu mahindi ya msaada yakaanza kuja, lori nyuma ya lori, mizani haipumziki. Na seva yetu, mpya kabisa, iliyonunuliwa kabla tu ya uchaguzi, ikaanza kuanguka. Inakwama ghafla, skrini inajaa namba, lori zinapanga foleni mpaka barabarani, na madereva wananitupia maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Mashine ya aina hiyo ikianguka, hutapika yote yaliyokuwa kwenye kumbukumbu yake na kuyaandika kwenye diski kabla haijazima. Wengine wanaita dampo. Sisi wawili tuliita matapishi, na kuyachambua ilikuwa kazi yetu. Cha kwanza unachotafuta ni rejista: visanduku vichache ndani ya prosesa, kila kimoja kimeshika namba inayofanyiwa kazi wakati huo. Kimoja kati yao kinaonyesha prosesa imefika wapi katika programu. Ukikisoma hicho, umejua mashine ilikuwa inafanya nini ilipokata roho.

Programu ya kusoma matapishi tulipewa na fundi wa Nairobi aliyetuuzia seva. Niliiendesha. Kati ya prosesa mbili za seva, ya kwanza ilikuwa imepumzika, haina neno. Prosesa ya pili, ile iliyoanguka, ilikuwa ndani ya draiva ya mizani. Nikaiendesha tena kwa matapishi ya siku nyingine. Draiva ya mizani. Nikaenda kukaa nje kwenye jua.

Boss alikuwa mzee wa Kihindi, aliyerithi kiwanda kutoka kwa babake, mtu mpole na wakati ule mtu aliyechoka. Fundi alishamtumia jibu lile lile kutoka Nairobi. Aliniita, akanikaribisha kiti.

"Mama, maneno ya geti mimi sikuyaweka maanani," alisema. "Lakini sasa mashine yenyewe inasema. Kijana alitendewa vibaya, akawa na hasira. Naelewa. Lakini hii ni chakula ya watu walio kambini. Jumatatu nitaenda kuandikisha kwa polisi."

Mori ulinipanda. "Mzee, hiyo draiva haijaguswa tangu mwaka jana. Mtu atategaje kitu na hata hajajua atafukuzwa?"

"Basi nionyeshe ni nani mwingine," akasema. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Siku zile jina la mtu likiandikwa polisi kwamba ameharibu chakula cha msaada, na kila mtu anajua kwao ni wapi, lilibaki na doa hilo. Kazi angeisahau, na Nakuru hangeikanyaga tena.

Jumamosi nilimpigia kijana. Alikuwa kwa mjomba wake, kuku wanasikika nyuma. Nikamweleza yote bila kuzungusha.

"Wanasema ni mimi?"

"Wanasema."

"Na wewe mathe?"

"Ningeamini, ningekuwa nakuchomea kredo yangu ya simu? Acha ujinga."

Akacheka kidogo. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu krismasi. "Basi usiulize hiyo programu ya fundi," akasema. "Fungua matapishi yenyewe, unisomee."

Nikayafungua. Namba tupu, mstari juu ya mstari. Rejista za kila prosesa hufungwa katika kifurushi chao, vifurushi vinapangwa kimoja baada ya kingine, na mbele ya kila kifurushi kumeandikwa ukubwa wake. Nikaanza kumsomea namba moja moja, kama mtoto wa nasari. Akanikatiza.

"Hapo mbele, ukubwa inasema ngapi?"

Nikamwambia.

"Sasa angalia vile fundi ameandika programu yake. Anaruka ngapi kufika kifurushi ya pili?"

Nikaangalia. Nikapiga meza mpaka kikombe kikaanguka. "Lumbesa! Wewe kijana, ni lumbesa!"

Mtu wa Bahati huna haja ya kumweleza lumbesa. Ni lile gunia la viazi linaloshonewa kofia ya wavu juu, likavimba mpaka linakaribia gunia na nusu, na dalali bado analihesabu gunia moja. Seva yetu ya zamani ilikuwa na rejista chache, nyembamba, na kifurushi chake kilikuwa kidogo. Hii mpya ilikuwa na rejista nyingi zaidi, na pana mara mbili, kwa hivyo kifurushi kilivimba. Fundi alirekebisha programu yake izijue rejista pana, lakini hatua ya kuruka akaiacha ile ile ya mashine ya zamani, kana kwamba magunia yote duniani ni sawa. Ikitafuta prosesa ya pili, programu ilikuwa inaangukia katikati ya kifurushi cha ile ya kwanza na kuokota namba iliyoikuta pale. Namba hiyo ilikuwa anwani ya draiva ya mizani, ambayo ilikuwa inangoja zamu yake kwa amani. Ukubwa wa kweli ulikuwa umeandikwa pale mbele, wazi, na hakuna aliyejisumbua kuusoma.

Nikahesabu kwa ukubwa wa kweli, nikafika kwenye kifurushi cha pili chenyewe. Prosesa iliyoanguka ilikuwa ndani ya draiva ya kadi ya mtandao, iliyokuja na seva kutoka dukani, ikazidiwa na kazi. Nikajaribu matapishi mengine yote. Yote yalisema hivyo hivyo.

"Si mimi," alisema. Akarudia, na mimi nikalia pale mbele ya mashine mpaka makamasi.

Jumatatu, kabla hajaenda polisi, boss aliniambia nimwonyeshe polepole. Akaniuliza maswali, mengine mara mbili, kisha akavua miwani. "Mwambie kazi yake iko," akasema. "Mwambie mimi mwenyewe nimesema pole. Arudi." Kadi ya mtandao ilibadilishwa, na seva haikuanguka tena. Mlinzi wa lango akaniambia yeye alijua tangu mwanzo kwamba kijana hana makosa. Shenzi.

Nilitaka nikimpigia niwe na habari kamili, kwa hivyo jioni nikapitia Rhonda kuona kama nyumba yake ingalipo. Ilikuwapo. Madirishani kulikuwa na pazia za mke wake, na ndani kulikuwa na sauti za watoto. Nikapiga hodi, akatoka mama mmoja ameshika mwiko.

"Najua ni nyumba ya mtu," alisema kabla sijafungua mdomo. Alikuwa amefukuzwa huko juu ya Molo, wakalala nje na watoto mpaka mwenye nyumba za kupangisha alipowahurumia akawafungulia hii. "Sijauza kitu chao hata kimoja. Pazia nimefua. Akija nitatoka, dada. Mahali pa kwenda ndiyo sijui."

Nilikuwa nimejitayarisha kugombana, na sikupata wa kugombana naye. Nikaomba samahani, nikasogea kando ya ukuta, nikampigia kijana.

Nilianza na habari njema: kadi ya mtandao, pole ya boss, kazi yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mashine imenisafisha," alisema. "Boss pia. Asante mathe, hiyo sitasahau. Lakini wale walionitoa, nitawasomea rejista?"

Nilitamani kumwambia watu wamebadilika, lakini ingekuwa uongo.

"Nyumba kuna mtu?" akauliza.

Nikamweleza juu ya yule mama.

"Ako na watoto?"

"Ako nao. Wadogo."

"Waache wakae," akasema. "Hivyo vyombo pia watumie. Mathe, mwambie hiyo mlango haifungi ukisukuma tu. Lazima uinue kidogo na kitasa, ndio ikubali. Bila hivyo upepo inaifungua usiku na hao watoto watashtuka."

Nikarudi kwa yule mama, nikamwambia kama nilivyoambiwa. Kumbe tangu waingie walikuwa wakiegemeza mlango kwa jiko. Aliinua kitasa, akasukuma, ukafunga vizuri. Akaufungua tena kunitazama, uso umechangamka.

"Nani amekuonyesha?"

"Mwenyewe," nikasema. "Amesema mkae."

Akakaa chini pale pale kizingitini, na mwiko bado mkononi, akalia kilio cha mtu aliyefiwa.