Mume wa Mama Sumu

Mke wangu aliua mume mara moja tu, tena hakuwa mimi. Alikuwa mwigizaji mmoja mwenye kitambi, aliyelipwa kwa kufa. Lakini nikipita mtaani nasikia, "Huyo hapo, mume wa Mama Sumu. Bado mzima!" Mzima, ndiyo. Mlitaka niwe vipi?

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, maana watu wa siku hizi wanapenda kudakia mambo katikati.

Mimi ni fundi wa makochi. Enzi hizo viti vya ukumbi wa maigizo wa mjini vilikuwa vimechakaa hadi ukikaa, springi zinakusalimia kwanza. Nikaitwa kuvitengeneza. Niko chini ya kiti, misumari mdomoni, jukwaani wanafanya mazoezi, mara nikasikia sauti ya mwanamke: "Wewe uliye chini ya kiti! Mwanangu anakata roho hapa, nawe unagonga? Huna hata huruma?" Nikachomoza kichwa mbio mbio kuomba radhi. Alikuwa amepakata mto. Basi tangu siku ile nikaanza kuvuta kazi makusudi, kiti cha saa moja nakimaliza kesho kutwa, na viti vilipokwisha kabisa nikamwoa.

Alijiunga na kundi lile la maigizo akitokea kufua mashuka hotelini. Sehemu yake ya kwanza ilikuwa kuingia, kusema "Mgeni amefika," na kutoka. Basi aliisema hivyo hivyo fupi, na ukumbi mzima ukageuka kutazama mlangoni. Wakamwongezea maneno. Akawa malkia, akawa mjane, akawa hakimu, na siku mwigizaji mmoja alipougua tumbo akawa babu mwenye ndevu, akashangiliwa kuliko babu mwenyewe. Sauti yake ilifika viti vya nyuma kabisa bila mashine yoyote. Na nyumbani ilifika pia. Akiniuliza kutoka jikoni kama nimeona chumvi, majirani walikuwa wanajibu.

Filamu zilipoanza kupigwa mjini wakamwita. Siku ya kwanza tu fundi wa sauti alivua visikilizio vya masikioni akavitupa chini. "Mama, kipaza sauti kiko hapa kifuani kwako! Huyo unayemnong'oneza yuko karibu yako, hayuko ng'ambo ya mto!" Alirudi nyumbani analia. Lakini yule mwanamke ana kichwa kigumu, nawaambieni. Akajifunza upya, mtu mzima na mtoto mgongoni: kusema kwa jicho, kusema kwa kidole kwenye ukingo wa kikombe. Kamera ilikuwa mimi. Nakaa mbele yake kwenye stuli, na nikipepesa macho nagombezwa, "Kamera haipepesi!"

Ndipo ikaja filamu ile. Humo yeye ni mke mpole. Anamletea mumewe chai kwenye sinia, anatabasamu, anakaa pembeni anamtazama akinywa. Mume anashika koo, anaanguka kwenye zulia. Hakuna ukelele wala nini, chozi moja tu la mke. Watu walitoka sinema hawasemezani.

Tangu hapo chai ya kwetu ikakosa mnywaji. Kila mgeni ametoka kunywa sasa hivi. Dada yangu, tumbo moja na mimi, anakuja na chupa yake ya maji kwenye mkoba! Kwenye shughuli za watu, mke wangu akishika tu mwiko, wanawake wanamwambia, "Pumzika, dada, umechoka." Yeye alicheka. "Wakiniogopa, kazi imefanyika." Nami nikacheka naye, mpaka siku binti yetu alipoleta mchumba.

Kijana mwenyewe hana neno, fundi umeme, mpole, anasalimia vizuri. Balaa lilikuwa mama yake. Mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mwanamke ambaye akikutazama unaanza kukumbuka hesabu ulizoibia darasani. Alikuwa ameiona filamu ile na kurudia. Akasema mwanawe hatakanyaga nyumba ya Mama Sumu labda yeye awe kaburini. Binti yangu alilia hadi macho yakavimba, hali chakula, haendi kazini, na mtoto yule ndiye pekee tuliyejaliwa na Mungu. Baada ya kubembelezwa sana mama yule akakubali kuja mara moja tu, atuone, aamue. Akatuma neno: "Nikiona anaigiza, nanyanyuka, na habari imekwisha."

Hapo mke wangu akapagawa. Mwanamke aliyecheza malkia sasa alikuwa anazunguka sebuleni, "Nikae vipi nikiwa mimi?"

"Kaa tu, mama watoto."

"Kaa tu ndiyo nini? Mikono naiweka wapi?"

"Kwani sasa hivi iko wapi?"

Akaitazama mikono yake kana kwamba imeazimwa. Akafanya mazoezi ya kuwa yeye mwenyewe siku nzima, na kila alivyozidi kufanya ndivyo alivyozidi kufanana na mtu mwingine. Binti akashauri chai ailete yeye. Nikachemka. "Hapana! Mwenye nyumba yupo, atakayeleta chai ni mwenye nyumba! Kwani tumeiba?"

Wakaja, mwalimu pamoja na kaka yake, mzee mmoja mwenye koti kubwa. Wakakaa kwenye kochi nililolivika kitambaa kipya kwa ajili yao. Mke wangu akatokea na sinia. Na kwa kuogopa kuonekana anaigiza, maskini, akatabasamu! Tabasamu lile lile! Akaweka vikombe, akaenda kukaa pembeni, akawatazama.

Hakuna aliyegusa. Mzee wa koti akasema ametoka kunywa sasa hivi. Mwalimu akasogeza mkoba magotini, tayari kunyanyuka. Nikamwona binti yangu mlangoni, na hasira zikanipanda. Nikakata pande la keki, nikatia mdomoni, nikanyakua kikombe nikapiga funda kubwa ili wote waone kwamba chai ya mke wangu inanyweka.

Nikapaliwa.

Keki ilikwama, pumzi ikakata. Nikashika koo, nikaanguka kwenye zulia, puu! Mzee wa koti alishafika barabarani. Mwalimu akapiga kelele, "Nilisema! Nilisema mimi!"

Mke wangu aliruka meza. Akanikalia, akanitwanga mgongoni kama anafua mablanketi, kilemba kimedondoka, kamasi zinamtiririka, anabweka, sijui niseme vipi, ile haikuwa sauti ya jukwaani wala ya kamera. Ilikuwa mbaya! Keki ikatoka. Na nilipogeuka chali nikavuta pumzi tu, akanivaa: "Mpumbavu wewe! Nani kakwambia ubugie? Ukifa mimi nitabaki na nani, eh? Na nani?" Wageni alikuwa ameshawasahau. Akaniangukia kifuani akalia tena.

Mwalimu alisogea hadi zuliani. Kisha akafungua mkoba, akatoa leso, akampa.

"Kwenye filamu," akasema taratibu, "mumeo alipokufa ulitoa chozi moja. Zuri sana."

"Yule alikuwa wa kazi," mke wangu akajibu, huku anapenga kamasi kwenye leso ya watu. "Huyu ni wangu."

Mwalimu akakaa. Akavuta kikombe chake, chai yenyewe imeshapoa, akakinywa hadi mwisho, akauliza kama kuna nyingine. Binti yangu akakimbilia jikoni. Nami nilikuwa bado chini, koo linawaka, mgongo unauma, na sikutaka mtu yeyote aniinue.