Mashine Iliyobebwa Kichuguuni

Baba yangu alikuwa na mbuzi mwenye pembe moja iliyopinda, na siku aliyotaka kumvusha pale Nyangwe mimi nilikuwa naye, bado mutoto wa kubebeshwa kikapu. Mto ulikuwa umejaa. Mwenye mtumbwi akamtazama mbuzi, akatikisa kichwa kama mganga aliyeletewa mgonjwa mbaya.

"Huyu hawezi kuvuka akitazama mbele," akasema. "Mbuzi akiona maji mengi mbele yake, moyo unamuruka. Mugeuze, atazame kule alikotoka."

Baba alikuwa mutu wa mpunga. Mambo ya mpunga aliyajua, ya mto hakuyajua, basi akamgeuza. Tukavuka. Mbuzi alilia njia nzima, akakojoa ndani ya kikapu changu, lakini tukafika. Toka siku ile mpaka kufa kwake baba alivusha mbuzi wakitazama nyuma, na ukimuuliza sababu anakujibu: "Si tulifika?"

Mimi nimevusha mbuzi wengi baada ya hapo. Wengine walitazama mbele, wengine pembeni, mmoja alilala usingizi kabisa. Wote walifika, ila mmoja aliyeruka mtoni, na huyo ndiye niliyemgeuza nyuma kwa kumuheshimu marehemu baba. Kinachovusha mbuzi ni mtumbwi. Lakini nenda kamwambie hivyo mutu aliyekwisha kufika ng'ambo.

Mke wangu aliipenda sana habari hiyo. Wageni wakija alikuwa ananiambia, "Baba nani, waambie ya mbuzi," halafu anakaa karibu kunisahihisha, maana nilipozeeka nilianza kuruka pale pa kikapu na yeye aliona hapo ndipo penye utamu. Alikuwa na kicheko kibaya, cha kukohoa. Na kazi aliijua. Mpunga aliotwanga yeye haukuwa na pumba hata ya kuazima, na wanawake wa siku hizi wanaopeleka kila kitu kwenye mashine ya kukoboa aliwaita wageni wa kinu. Mvua zilipokaribia kwisha alishikwa na kifua, akalala, hakuamka. Simwongezei wala simpunguzii. Alikuwa mke wangu.

Sasa, picha. Picha yetu ya ndoa ililiwa na mchwa pamoja na sanduku lake. Tulifungua tukakuta udongo na kipande cha kiatu changu. Baadaye alipita mpiga picha mmoja kutoka Kasongo, mke wangu akakataa kwa sababu nywele hazijasukwa, na yule bwana hakupita tena. Ndiyo hivyo, mutu akaishi, akazaa, akazeeka, akafa, na uso wake hauko kwenye karatasi yoyote. Ulikuwa mahali pamoja tu: ndani ya telefone ya mukwe wangu.

Mukwe huyu ndiye mume wa binti yangu wa mwisho. Anakaa Salamabila. Yeye hachimbi dhahabu, wachimbaji ndio wanaochimba. Yeye anawauzia betri na sigara na miwani ya jua, na miwani moja ameivaa mwenyewe, hata ndani ya nyumba ya kilio. Telefone anazibadilisha kama mutu anayejaribu viatu sokoni. Kila anapokuja ana nyingine, na ukimuuliza zile picha za ile ya zamani anasema zimeenda na telefone. Basi siku ya kumaliza matanga alinionyesha. Mama watoto ameshika mchi, kichwa amekigeuza, mdomo wazi, anamfokea mwenye kupiga picha. Ni yeye kabisa. Nilisikia karibu atanifokea na mimi.

Nikamwambia, "Mukwe, nataka hiyo iwe karatasi kabla hujarudi Salamabila." Maana nilijua safari ijayo atakuja na telefone nyingine, na mke wangu atakuwa amekufa mara ya pili.

"Hakuna shida, baba mukwe," akasema, macho chini, maana adabu ya macho anayo. "Kesho tunapita Kabambare. Kule iko mashine ya kisasa. Haina waya. Picha inaruka yenyewe."

Hapa inanibidi nieleze jambo moja kwa ajili ya wale waliolelewa mijini. Kwetu mukwe hatukanwi. Hakai mbele yako uso kwa uso, hakutanii, kitu anakupa kwa mikono miwili. Na wewe vilevile unafunga mdomo wako. Mzee akimfokea mukwe mbele ya watu, aibu haimrudii mukwe, inamwangukia binti yake. Ukikasirika naye, njia ni moja tu: unaondoka. Nimeyasema haya ili usije ukaniuliza mbele kwa nini nilinyamaza.

Tukafika Kabambare juu ya pikipiki, mifupa yangu imehesabiwa upya na yale mashimo. Mwenye mashine alikuwa na chumba chenye meza, kalenda ya zamani na betri kubwa ya gari inayoshiba jua kutoka kwenye bati. Mashine yenyewe ilikuwa nyeupe, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kitu cha kanisani. Nje ameandika kwamba anachapa, anakopi, anachaji telefone na anatengeneza cherehani. Shingoni amevaa tai bila kola. Nilipomwona tu niliogopa. Mutu anayejua kazi hajifungi kamba shingoni kwenye joto lile.

"Wireless, mzee," akaniambia, akiipiga ile mashine kidogo kama mutu anayesifu ng'ombe wake. "Hii inasikiliza hewa."

"Basi isikilize," nikasema.

Mukwe akafungua telefone, akaweka wayifayi. Yakatokea majina, na moja lilikuwa la ile mashine, nililiona mwenyewe, mwenye mashine alinionyesha kwa kidole. Akaligusa. Akaandika tarakimu zilizobandikwa chini ya kifuniko. Wakangoja, vichwa vimekutana kama watu wanaokula sahani moja. Telefone ikasema maneno ya Kifaransa.

"Inasema nini?" nikauliza.

"Inasema imeshika," mukwe akasema. "Ila inasema internet hakuna."

"Kama imeshika, si ipigwe?"

Wakanitazama wote wawili. Mwenye mashine akacheka kwa pua.

"Mzee, bila internet itapita wapi? Itatembea kwa miguu?"

Mukwe akatoa ile wayifayi. Nilimwona kwa macho yangu akiitoa. Mutu amefungua mlango, mlango umefunguka, naye anaufunga kwa sababu haukupiga tarumbeta.

Sasa Kabambare, kama sehemu zote za kwetu, rezo, yaani mtandao wa telefone, ina mahali pake pa kukaa. Upande ule, mahali pake ni juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba za waalimu, kilichohamwa na mchwa siku nyingi, kimepigwa na miguu ya watu mpaka kimekuwa laini kama chungu. Mutu akitaka kuongea na Kasongo anapanda kichuguu. Akitaka kuongea na Kindu anapanda na kunyoosha mkono. Watu wametongozana pale juu, wamefiwa pale juu, kuna mama aliyepewa habari ya ujane wake pale pale akakaa chini akakataa kushuka. Kwa hiyo akili za watu wetu zimeshikamana na kichuguu kile. Kitu chochote kinachopita hewani, hata harufu ya samaki, watakuambia kipeleke kichuguuni.

Mukwe akakimbia na telefone. Nikamfuata na fimbo yangu. Akapanda, akanyoosha mkono, akapiga kelele: "Internet imekuja! Lakini mashine haionekani!"

"Haionekani namna gani?" mwenye mashine akauliza kutoka chini.

"Jina lake limepotea!"

Nikasema, na sikusema kwa ujuzi, nilisema kwa macho tu: "Kule ndani tulikuwa karibu nayo, jina likaonekana. Huku tuko mbali nayo, jina halipo. Turudi ndani."

"Baba mukwe," mukwe akasema, kwa heshima zote, macho yake yakitazama kandambili zangu, "hii si mambo ya kuku na vifaranga."

Mwenye mashine alikuwa amekwisha kupata dawa yake. Akapiga makofi. "Kama mashine haisikii rezo kule, tuilete kwenye rezo!"

Nimeona mambo. Nimeona askari wakikimbia bila viatu, nimeona mbunge akisukuma gari yake mwenyewe kwenye matope. Sijaona kitu kama kile. Mashine ikatangulia kichwani mwa mwenyewe, na kitambaa chake bado kiko juu. Nyuma ikafuata betri, imebebwa na watu wawili wanaoikwepa isiwamwagie maji yake. Nyuma tena mutu na lile sanduku linalogeuza umeme wa betri. Wanawake waliokuwa wanarudi na mihogo wakasimama.

"Nani amekufa?" mmoja akauliza.

"Ni amprimanti, mashine ya kuchapa," akajibiwa.

"Pole yao," akasema, akaendelea na njia yake. Huyo ndiye mutu pekee mwenye akili niliyekutana naye siku ile.

Wakaiweka juu kabisa. Wakafunga nyaya, maana hii mashine isiyo na waya ilikuwa na nyaya kuliko nyumba ya fundi redio. Ikawaka. Mukwe akiwa amepiga goti pembeni yake, telefone karibu iguse kifuniko, akafungua wayifayi. Jina likarudi. Akaligusa. Ikashika.

"Mumeona?" mwenye mashine akapaza sauti. "Rezo!"

Watu wakapiga makofi. Nikamkumbuka mwenye mtumbwi wa Nyangwe, nikasikia hata ile harufu ya kikapu. Ikasema tena internet hakuna, maneno yale yale, lakini sasa hakuna aliyesoma. Walikuwa wamefika ng'ambo.

Ungedhani sasa mke wangu atatoka. Hapana. Mwenye mashine akasema ni lazima kujaribu kwanza, akajaribu na uso wake mwenyewe, karatasi nzima, na tai. Ukatoka mzuri, mwekundu. Ukapitishwa mikononi, ukasifiwa. Halafu katekista aliyekuwa amepanda kuongea na paroko wake akaomba achapiwe tangazo la kwaya. Halafu mwalimu mmoja na mchumba wake. Halafu fundi wa pikipiki alitaka picha ya pikipiki. Kila mmoja alikuwa na haraka, na kila mmoja alianza na "Mzee, samahani, hii ni kidogo tu." Mukwe wangu akawa mutu mkubwa, anawafundisha, anashika telefone za watu, miwani imepanda kwenye nywele. Nilisimama chini ya kichuguu na kumtazama. Mdomo wangu ulijaa maneno mazuri sana, ya zamani, ya Kibangubangu, ambayo hayafai mbele ya mukwe. Nikayameza moja moja.

"Mukwe," nikasema tu. "Mama yenu."

"Ndiyo, baba mukwe. Sasa hivi."

Akamtuma. Mashine ikavuta karatasi, ikanguruma, ikaanza kutoa. Ulitoka mchi kwanza, kwa sababu picha ilikuwa imegeuzwa miguu juu. Ikatoka kitenge, rangi hafifu. Ikatoka mikono. Kilipofika kifua rangi ikaanza kukatika, mistari mistari, kama mvua inayopita shamba la jirani. Pale pa uso karatasi ilitoka nyeupe. Nyeupe kabisa. Mukwe akaninyooshea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

Nilimtazama mke wangu asiye na kichwa.

"Wino," nikasema. "Mumeumaliza kwa pikipiki."

"Apana, mzee, wino haiwezi kwisha upesi vile," mwenye mashine akasema. Akaitazama ile karatasi, akatazama juu kwenye mawingu, akatikisa kichwa. Kichwa kile kile cha mganga. "Hii ni rezo imekatika katikati. Unaona? Chini ilifika, juu haikufika."

"Ni kweli," mukwe akasema. "Rezo inashuka saa hizi."

"Tuinyanyue!" fundi wa pikipiki akasema.

Wakatafuta meza. Wakaleta meza ya mwalimu, wakaipandisha juu ya kichuguu, wakaweka mashine juu ya meza. Katekista akashika mguu mmoja wa meza, mwalimu akashika mwingine. Mukwe wangu akasimama juu ya kiti na telefone mkononi, mke wangu ndani yake anafoka, mdomo wazi, hakuna anayemsikia.

"Vumilia kidogo, baba mukwe!" akanipigia kelele kutoka kule juu. "Sasa atatoka na uso!"

Ile picha ya ndoa, yenye nyuso zetu wote wawili, mchwa waliila kwa meno yao, angalau walikuwa na njaa. Niliweka karatasi chini, kwenye mguu wa kichuguu, nikaiwekea jiwe isipeperuke. Nikachukua fimbo yangu. Nilisikia mwenye mashine akisema, "Kushoto! Kushoto zaidi!" Nikashika njia ya kurudi nyumbani, Wamaza, kwa miguu, na mpaka leo sijakanyaga tena Kabambare.