Unga wa Majani wa Joyline

Kasiva alikuwa msusi mtaani Westlands tangu usichana wake, na vidole vyake havikuisha rangi ya dawa za nywele. Sigara hakuwahi kuonja, wala hakuwa mtu wa kuuguaugua. Kwa hiyo siku alipokwenda haja ndogo akaona mkojo umegeuka mwekundu, bila maumivu yoyote, hakujua afikirie nini. Hakumwambia mumewe, Hezekiah. Alimwendea Joyline, jirani yake wa Muthangari na mwenzake wa kwaya, aliyekuwa akiuza unga wa majani ya mboga.

“Usikimbilie hospitali, Mama Jeremy,” Joyline alisema, amemshika mkono. “Watakukata bure. Ona hapa.” Akamwonyesha habari kwenye simu: watafiti wanachunguza kama kuna viini ndani ya kabeji, sukuma na brokoli vinavyopunguza hatari ya saratani ya kibofu. “Viini vyenyewe ndivyo hivi, nimevisaga. Kunywa tu.”

Kasiva akanywa. Damu ikakatika. Kwa furaha alisimama kanisani akatoa ushuhuda, na baada ya ibada akina mama wakamzunguka Joyline kama nyuki.

Miezi ikapita, damu ikarudi. Joyline akamwambia aongeze vijiko, huo ni uchafu unatoka. Ikakatika tena. Iliporudi ilikuja na mabonge, na Hezekiah akaiona chooni kabla mkewe hajamwaga maji. Hakugomba. Aliita teksi, wakaenda hospitali ya Upper Hill.

Daktari alimpitishia kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo, akachukua kinyama cha kupima. Majibu yalipotoka, alivuta kiti akaketi karibu nao. Ilikuwa saratani, na ilikwisha kuingia kwenye msuli wa kibofu.

“Mboga ni chakula kizuri, mama, usiache,” alisema. “Huenda zinapunguza hatari, utafiti bado unaendelea. Lakini uvimbe ukishaota, mboga haiutoi. Na damu ya ugonjwa huu huja na kupotea yenyewe. Ungekuja mapema, pengine tungeukwangua tu.”

Kasiva alitoka akiwa ameegemea bega la mumewe. Kwenye benchi la nje alimkuta Joyline, ameketi na mama yake mzazi.

“Mama naye anaumwa?” Kasiva aliuliza.

Mama huyo mzee ndiye aliyejibu, kwa upole. “Niliona damu kidogo tu kwa mkojo, mwanangu. Huyu hakuniacha hata nimalize chai. Amenileta mbio.”

“Hukumpa unga, Joyline?”

Joyline aliinamisha macho. “Huyu ni mama yangu.”

“Na mimi nilikuwa nani wako?”

Yule mama mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine, asielewe. Kasiva alimpa mkono, akamtakia nafuu kwa moyo wake wote, kisha akaondoka. Machozi yalimtoka garini, na hakuwa akiulilia ugonjwa.

Kibofu kilitolewa. Siku hizi mkojo wake huingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni, na amejifunza kuubadilisha bila kumwita mtu. Wiki alizolala wodini, Joyline hakutokea. Alikuja nyumbani baadaye, akalia, akasema aliuamini ule unga.

“Ungeuamini, ungempa mama yako,” Kasiva alimwambia.

Hakumfukuza. Alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza hadi langoni. Lakini jambo lake la siri hakumwambia tena.