Kimya cha Barabara ya Beni

Mama yangu huenda Beni kununua mafuta ya mawese, akaja kuyauza hapa Butembo. Kwenye barabara ile watu wameuawa, kwa hiyo tuna desturi kama familia nyingine nyingi: msafiri hubipu. Akirudi, gari likipita Kabasha simu inalia kidogo na kukatika. Likipita Maboya, karibu na kwetu, inalia tena. Hatupokei kamwe; kupokea ni kumlia mtu yuniti zake za simu bure.

Alasiri moja Mama akirudi, bipu ya Kabasha ilikuwa imekwisha kufika. Ya Maboya ilichelewa, ikachelewa tena. Nilikaa jikoni na Koko, mama yake Mama, nikijifanya nasoma. Ninaandika mémoire, tasnifu yangu ya chuo, ya fizikia juu ya mawimbi ya uvutano yaliyotoka mwanzoni kabisa mwa ulimwengu.

"Unieleze tena ile kitu yako," Koko alisema. Alitaka nisiitazame simu.

Nilimwonyesha sufuria ya maji ya bugali. Ulimwengu mzima ulikuwa moto kushinda hivi, nikamwambia, na mzito kama ukungu, hata mwanga ukashindwa kutoka. Mawimbi haya peke yake yalipita, maana yanavuta na kubana nafasi yenyewe. Kama ulimwengu ulichemka, vipovu vikagongana, mshindo wake ungali unatufikia, hafifu sana. Na kanuni tunazozijua zinasema haukuchemka hivyo. Atakayeusikia atakuwa amegundua nguvu isiyojulikana na mtu.

"Bameshausikia?"

"Hapana bado, Koko."

"Na kama habasikie kitu?"

"Donc basi kunyamaza nako ni jibu. Théorie moja inaanguka."

Nilitamka kwa majivuno, kisha nikasikia nilichosema. Koko aliweka mwiko chini. Maji yalichemka na hakuna aliyetia unga.

Ndipo simu ikalia. Namba nisiyoijua, na haikukatika. Msafiri wetu hubipu; anayepiga simu mpaka mwisho ni mgeni aliyetumwa kukupa habari, na habari ya barabara ile tunaijua ilivyo. Niliiacha ilie hadi iliponyamaza, na kwa muda nikashukuru, mpumbavu mimi, kwamba bado sijui.

Ikalia tena. "Pokea!" Koko alisema. Sikuweza. Aliinyakua mwenyewe, akafumba macho kwanza.

"Mbona hamupokee?" Mama alipiga kelele hata mimi nikamsikia. "Batri imekufa, nimeomba simu ya mutu! Nimeshafika, niko hapa Rughenda. Mukuye tubebe mafuta!"

Koko alimgombeza binti yake kama mtoto, machozi yakimtoka. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika, kisha nikaenda kubeba mafuta.

Juzi profesa wangu alinirudishia sura ya mwisho. Nilikuwa nimeianza kwa methali, kimya kingi kina mshindo mkuu, nikajiona nimepatia. Ameipenda. Anataka niongeze ukurasa mzima juu ya yale ambayo kimya kinaweza kutufundisha.

Leo asubuhi Mama ameondoka tena kwenda Beni. Bipu ya Maboya imefika, ya Kabasha bado. Ukurasa ni mweupe, na ninaogopa.