Watafiti wamesema mkono wangu umepona, ila hakuna aliyeniuliza kama unasikia moto

Wakuu, habari za humu ndani. Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, nacheka na nyie, nasepa. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Ninachoandika kimenikuta mimi mwenyewe. Mkono ninao, makovu ninayo, anayebisha aje hapa Dunda, Bagamoyo, nimwonyeshe.

Nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Nina mke na binti mmoja, Nasra.

Mwaka jana nilipanda basi kwenda Msata kupima geti la mteja. Nilipofika stendi nikachukua bodaboda. Hatukufika mbali, dereva akakwepa lori lililokuwa linakata kuingia sheli, tukalala chini wote wawili.

Yeye alichubuka tu. Mimi mkono wa kulia ulivunjika juu kidogo ya kiwiko, na ule mfupa uliovunjika ukaumiza mshipa wa fahamu.

Kwa wasioelewa, hayo ni maumivu mawili tofauti. Mfupa unaunga, unauona kwenye picha kabisa. Mshipa wa fahamu una mambo yake. Nyumba inaweza kusimama imara na umeme usiwake.

Nikapasuliwa, nikawekewa chuma ndani. Fundi chuma kawekewa chuma. Wenzangu kijiweni walicheka mpaka basi.

Sasa, pale hospitali (jina sitaji, msinisumbue PM) walikuwepo watu wa utafiti. Wanafuatilia namna waliovunjika na kuumia neva wanavyopata nafuu. Ukikubali kushiriki, unafanyishwa mazoezi ya physio bure muda wote utakaokuwa kwenye utafiti.

Nikakubali. Nikasaini kwa mkono wa kushoto, saini kama ya mtoto wa chekechea.

Niwape haki yao, mazoezi yalikuwa mazuri. Vidole vilivyokuwa vinaning'inia vikaanza kukunja. Nikaweza kushika kikombe. Nilikuwa natoka pale naona dunia imenirudia.

Shida ilikuwa maswali.

Kila nikienda, kuna dada mmoja ananikalisha na kuniuliza yale yale. Unaweza kutumia uma na kisu? Unaweza kufungua kifuniko cha chupa? Unaweza kufunga vifungo vya shati? Unaweza kucheza mchezo kama tenisi?

Wakuu, tenisi! Dunda hii hii!

Halafu ananipa kidude cha kubana kwa nguvu zangu zote, anasoma namba, anaandika, kwaheri.

Kwangu uma zipo kabatini na vyombo vya wageni, na wageni wenyewe wanakula kwa mkono. Ila uma niliweza kuushika, nikajibu naweza. Ningesemaje?

Siku moja nikamwambia, "Dada, hivi vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, havisikii kitu. Nikishika kitu ni kama nimevaa glavu."

Akanijibu kwa upole kabisa, "Itakuja yenyewe hiyo, kaka. Mimi hapa nafuata maswali yaliyopo."

Nikabana kidude chake, nikaondoka. Yeye ndiye wa hospitali, mimi wa mageti.

Haikupita muda akaniambia, "Hongera kaka, score yako imevuka mstari. Umepona." Na aliyepona anaachishwa mazoezi, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Sitaki kudanganya, nilifurahi. Nilitangaza mtaa mzima kwamba nimepona. Mke wangu akapika, majirani wakaja kunipa pole na hongera kwa pamoja.

Ikaja harusi ya mtoto wa mjomba wangu.

Mnajua za kwetu. Wanaume tumekaa mkekani, sinia katikati, pilau imetoka jikoni muda huo huo, moshi unaonekana. Mimi tangu niumie nilikuwa nakula kwa kijiko, mkono wa kushoto. Nyumbani mke wangu hakuwahi kunisema. Pale kijiko hakuna, nikajisahau, nikapeleka kushoto.

Mjomba akanitolea macho. "We, mkono wa choo huo unautia kwenye sinia la watu?"

"Samahani mjomba, si unajua huu wa kulia..."

"Wa kulia si umesema umepona? Basi kula kama mtu!"

Watu wakacheka. Nami nikaona kweli, si nimepona? Nikanawa tena, nikapeleka mkono wa kulia katikati ya sinia.

Wenzangu walikuwa wanachota pembeni, wanapuliza. Mimi nachota katikati, nafinyanga tonge, napeleka. Mdomo ulikuwa unaungua, nikameza hivyo hivyo kwa kiburi. Vidole havikunipa taarifa yoyote.

Mjomba mwenyewe akashangaa. "Huungui wewe?"

Nikamjibu, "Mikono ya fundi hii." Nilidhani nasifiwa.

Niliporudi nyumbani mke wangu ndiye aliyeona. "Baba Nasra, vidole vimefanya nini?" Vyote vitatu vilikuwa vyekundu, malengelenge yameshapanda. Nilikaa pale nayaangalia kama vidole vya mtu mwingine. Sikusikia hata kuwasha.

Nikaogopa, wakuu. Kazi yangu ni moto na chuma. Nilikuwa nimeshaahidi kurudi kazini wiki inayofuata, kwa sababu nimeambiwa nimepona. Ningeshika bomba la moto mpaka ninuse nyama.

Nikaenda hospitali, kwa yule yule dada. Akaangalia vidole, akasikitika kweli. Kisha akasema, "Pole sana. Ila hili ni jeraha jipya kaka, wewe kwenye utafiti tumeshakufunga."

Tumeshakufunga!

Hapo ndipo damu ilinichemka. Nimeungua kwa sababu ya lile lile jeraha mlilokuwa mnalipima, halafu mnaniambia ni jipya? Nikaondoka bila kuaga, na mimi si mtu wa hivyo.

Baadaye nikapigiwa simu, nakaribishwa siku ya kutoa matokeo, hoteli moja hapa Bagamoyo. Mke wangu akasema usiende, utagombana. Nikaenda kwa ajili ya kugombana.

Kwenye slide ya tatu au ya nne nikaona mkono wangu. Makovu yangu yale yale, umebana kile kidude. Daktari mkuu wa utafiti akasema, "Huyu ni mmoja wa waliopona vizuri sana." Watu wakapiga makofi.

Ikaja chakula. Pilau tena. Uma na kijiko vimefungwa kwenye tishu. Nikaenda kukaa meza ya yule daktari.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba, fundi! Karibu, karibu."

Ni mtu wa pwani kama sisi. Akanawa, akasogeza uma pembeni, akatia vidole kwenye wali. Akavirudisha fasta, akavipuliza. "Lo, inaunguza hii!" akasema huku anacheka.

Nikamwambia, "Daktari, hicho ulichofanya sasa hivi, mimi siwezi."

"Kipi?"

"Kurudisha vidole."

Nikamwekea mkono mezani, malengelenge yamekauka yameacha ngozi mpya. Kicheko kikamwisha. Akauliza kwa sauti ya chini, "Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakasema hakuna swali hilo."

Hakula tena. Akaniambia nije hospitali Jumatatu.

Nikaenda, na kwa haki ya Mungu nilimkuta. Akanifumba macho, akawa ananigusa kwa pamba. Sikujua anagusa kidole gani, wala kama anagusa. Nimerudishwa mazoezini, sasa nafundishwa kugusa: mchanga, unga, kitambaa, macho yamefumbwa. Hisia zinakuja kidogo kidogo. Chuma cha moto bado sijaruhusiwa.

Nikamwomba anitoe kwenye waliopona. Akasema haiwezekani. Ripoti ilishakwenda.

Kwa hiyo huko ilikokwenda, mimi ni mzima. Na wale wanaoanguka na bodaboda kila siku watapimwa kwa swali la uma, kwa sababu kwangu lilifanya kazi.

Nilichojifunza: ukiambiwa umepona, uliza wamepima nini. Na kama kuna kitu hukisikii, kiseme mpaka wakuchoke, hata kama wewe ni wa mageti.

Waliowahi kuumia neva, nyie mliulizwa nini? Hisia zilirudi? Leteni majibu, nasoma zote.

Nikichelewa kujibu mjue nakula. Siku hizi mke wangu anatia vidole vyake kwanza kwenye sahani yangu, na mpaka aseme "haya, kula", mimi nasubiri.